Lami ya polima: lini uilipie, lini uachane nayo

Wateja wengi wanatuuliza bei ya lami ya polima, yaani lami iliyochanganywa na kitu cha aina ya mpira au plastiki, kabla hawajatuambia barabara inapita wapi. Tuanzie hapo, maana si kila barabara inaihitaji.

Lami ya kawaida, ile ya daraja la ugumu la 60/70, huanza kulainika kwenye nyuzijoto 50 hivi. Jua la mchana linaweza kufikisha uso wa barabara 60 na zaidi. Gari dogo likipita kasi, hakuna neno. Balaa ni lori lenye shehena linalopanda mlima Kitonga kwa gia nzito: tairi linakandamiza pale pale kwa muda mrefu, lami inasukumwa pembeni, na mwishowe inajichimba ile mifereji ya matairi inayomvuta dereva usukani asikotaka. Kwenye mizani na vituo vya mabasi ni hivyo hivyo.

Polima tunayoitumia zaidi ni SBS, aina ya mpira wa kiwandani ambao hutengenezewa soli za viatu pia. Huwekwa asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa lami na kusagiwa humo kwenye nyuzijoto 180 hivi, hadi ijenge mtandao wa mpira ndani yake, unaoisaidia lami isisukumwe pembeni. Mteja akija maabara tunamwonyesha: utepe wa lami unavutwa ndani ya maji ya nyuzijoto 25 mpaka sentimita 20, unakatwa katikati, tunasubiri nusu saa. Wa kawaida unabaki umelegea. Wa polima vipande vinarudi nyuma, pengo unaliona kwa macho.

Sasa tahadhari. SBS ni nyepesi kuliko lami, kwa hiyo mchanganyiko mbovu ukikaa tangini, polima inapanda juu. Mdai muuzaji yeyote, hata sisi, kipimo cha utengano: lami inakaa kwenye mrija siku 3 kwa nyuzijoto 180, kisha joto la kulainika la lami ya sehemu ya juu ya mrija linalinganishwa na la sehemu ya chini. Tofauti ikizidi nyuzi 5, rudisha mzigo. Saiti nako, shindilia mapema. Lami hii ya polima ikipoa inakuwa mbishi kuliko ile mliyoizoea.

Na kama ni barabara ya mtaa ya bajaji na bodaboda, hela hiyo peleka kwenye mitaro. Maji yakishaingia kwenye tabaka za chini, hakuna polima itakayozuia mashimo.

Ukiagiza, tutajie mwinuko, aina ya magari na umbali wa saiti.