Kwa somo yangu wa Addison

Likoni, Mombasa
Januari 2026

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale uliponyamaza kidogo ukasema hujui kura yako uipeleke wapi, mji wenu wa Addison utoke DART au ubaki. Si jambo la kukujibu nikiwa ndani ya matatu huku makanga ananipigia kelele sikioni, ndiyo maana leo Jumapili nimekaa kitako nikuandikie. Mama hajambo. Habari zake zinakuja mbele, tena zimo ndani ya mambo haya haya.

Nianze na msimamo wangu, usije ukasoma barua nzima ukiutafuta: nataka Addison ibaki DART, yaani lile shirika la mabasi na treni la Dallas na miji jirani huko Texas. Najua mimi si mpigakura wa huko na kodi hiyo siitoi mimi. Lakini umeniuliza, na sisi hatujazoea kufichana.

Malalamiko ya wanaotaka kutoka nimeyafikiria sana na sikuyaona kuwa ya uongo. Tangu wapigakura walipoiunda DART mwaka 1983, kila mji mwanachama unatoa senti moja katika kila dola ya mauzo. Sheria ya Texas inauachia mji senti mbili tu za kodi hiyo, kwa hiyo nusu nzima inakwenda kwenye mabasi na treni kabla mji haujaziba hata shimo moja la barabara. Mji wa Plano peke yake mwaka 2023 ulitoa karibu dola milioni 109, na hesabu iliyoagizwa na DART yenyewe ikaonyesha kwamba zilizotumika kwa Plano ni kama milioni 44. Mtu akiona namba hizo akakasirika, ana haki. Nyinyi nao hata kiti cha peke yenu kwenye bodi hamna, mnakalia kimoja na miji mingine, ilhali Dallas ina viti tele. Kwa hiyo shemeji akisema hamsikilizwi, usimkatize. Mwache amalize.

Akishamaliza, muulize hivi: hiyo senti ya Addison imetoka mfukoni mwa nani? Wewe mwenyewe umenisimulia kwamba mji wenu ni maili nne na ushei tu za mraba, lakini mikahawa inapita 150, na jioni magari yanamiminika kutoka kila upande kuja kula. Kodi ya chakula kile anailipa mlaji, na walaji wengi wanalala Dallas, Carrollton na kwingineko. Na je, aliyeosha sahani? Aliyemenya vitunguu tangu asubuhi? Uliniambia unawaona wakishuka kwenye basi, aproni wamezikunja ndani ya mifuko ya plastiki, wengine wangali wanasinzia. Watu hawa hawamo kwenye hesabu ya Addison imetoa ngapi na imepata ngapi, kwa kuwa anwani zao haziko Addison. Mimi naona hesabu inayowaacha nje watu hawa ina tundu kubwa, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Sasa Mama. Juzi alikuja mjini kliniki na mimi nikamsindikiza kurudi Mtwapa. Unajua tena, Mtwapa ni Kaunti ya Kilifi, na ukivuka lile daraja kuja huku tayari uko Mombasa. Alikaa mbele karibu na dereva kama kawaida yake, akafungua pindo la leso, akatoa nauli, akaihesabu, kisha akalifunga fundo tena na kulivuta kwa meno. Nyuma yetu walijaa watu wa Mtwapa waliotoka kazini: askari wa zamu, wauguzi, vijana wa maduka ya nguo, mama mmoja na mzigo wake wa mboga kutoka Kongowea. Tulipofika darajani hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Nikawa nawaza: siku kaunti hizi mbili zikigombana, moja iseme matatu zenu ziishie kwenu, Mama atashushwa darajani avuke kwa miguu na goti lile? Kliniki yake iko kaunti moja, kitanda chake kiko nyingine. Watu wameishi hivyo tangu kabla kaunti hazijakuwepo, na serikali za kaunti zimeanza kazi mwaka 2013 tu.

Wala usidhani Mombasa ingeweza kujitenga ikaishi. Maji yetu yanatoka Mzima huko Taita Taveta, Marere huko Kwale na Baricho huko Kilifi. Majirani wanalalamika mwaka nenda mwaka rudi kwamba chemchemi ni zao na mabomba yanawapita tu yakija kwetu, na wana hoja ya kweli. Hoja hiyo inataka wagawiwe vizuri zaidi. Sijamsikia bado mtu wa maana akisema bomba ling'olewe.

Na feri je? Hapa Likoni wanavuka watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na wa miguu hawalipi hata ndururu. Anayelipa ni mwenye gari, na serikali inajaza pengo. Geti likifunguliwa alfajiri, umati wote unateremka kwa pamoja: mkokoteni wa ndizi na hamali wake anayeuzuia kwa kisigino, mama na beseni la samaki kichwani, watoto wa shule wameshikana mikono wasipotezane. Kuna watu Nyali hawajaivuka feri hii miaka. Wangeweza kusema pesa za serikali zisitumike kwa kitu wasichokitumia. Lakini mpishi wao anavuka, mlinzi wao anavuka, na muuguzi atakayewapokea usiku wakiugua naye amevuka jioni ile ile.

Lakini kinachonifanya nishike kalamu hasa ni mjomba. Unamkumbuka, yule aliyekuwa fundi wa reli enzi za Jumuiya. Nilipomweleza habari ya mji wenu hakuniuliza Addison iko wapi. Aliuliza, "Na deni watamwachia nani?"

Yeye aliyaona. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilikuwa na hesabu yake mkononi ikionyesha kwamba imetoa kuliko ilivyopata. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari mwaka ule na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Shirika la reli lililokuwa moja likawa matatu. Treni za kutoka Voi zilizokuwa zikipita Taveta hadi Moshi zikawa haziendi tena ng'ambo. Kugawana mali na madeni kukachukua miaka 7, hadi Mei 1984 ndipo wakatia saini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Na upande wa Tanzania, wazee walioitumikia Jumuiya walikuwa bado wanadai mafao yao miaka ya 2000, wengine wameshazikwa. Baadaye nchi zile zile tatu zikarudi Arusha mwaka 1999 kutia saini mkataba wa kuianzisha Jumuiya upya. Mjomba ukimtajia Moshi hadi leo anakutajia njia nzima bila kukwama: Voi, Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni, Taveta, Kahe. Anahesabu kwa vidole, na kidole cha Kahe huwa anakishika muda kabla hajakiachia.

Simaanishi kwamba Addison ni Jumuiya. Ninachosema ni kwamba siku ya kuvunja watu huona pesa watakazookoa, gharama huzijua baadaye. Na kwenu gharama nyingine zimeshaandikwa ndani ya sheria, haihitaji mtu kubahatisha. Kura ya kutoka ikishinda, huduma inakoma siku inayofuata baada ya matokeo kuthibitishwa. Basi, treni, na zile gari zinazowafuata walemavu mlangoni, vyote. Lakini ile senti haikomi. Inaendelea kukatwa mpaka sehemu ya mji katika deni la DART iishe. Yaani mtakuwa mnalipia basi lisilosimama kwenu. Hili naomba umwambie shemeji taratibu, mara mbili, kwa sababu nahisi wengi wanaodhani senti inarudi mji siku ya pili yake hawajaelezwa.

Na hii treni mpya! Somo, wewe ndiye uliyenitumia picha ya stesheni ya Addison Oktoba iliyopita, siku ya tarehe 25 ilipofunguliwa Silver Line, umesimama na kilemba chako cha manjano unacheka. Ukasema watu wa mji wenu walikuwa wakiidai reli tangu siku za mwanzo za DART, wengine wameizeekea. Sasa inatoka Plano hadi uwanja wa ndege wa DFW na inasimama kwenu. Kuingojea miaka 40 halafu kuiacha baada ya miezi michache, mimi linanishinda kulielewa. Reli haitang'olewa kwa sababu Addison imetoka. Treni itapita tu.

Umesema wanaotaka kutoka wanaahidi gari ndogo za kuitwa kwa simu, kama zilivyo mji wa Arlington huko huko Texas. Sizidharau. Arlington ilikataa kodi ya usafiri kwa kura mwaka 1980, 1985 na 2002, na tangu 2017 ina hizo gari, na zinawafaa watu ndani ya mji. Shida ni hayo maneno mawili, ndani ya mji. Mji wenu unaumaliza kwa mwendo wa dakika chache. Yule dada wa kwenye kiti cha magurudumu unayenisimulia, daktari wake yuko Dallas. Gari ndogo itamfikisha mpakani, halafu? Nani atakuwa anamngojea upande wa pili, na kwa mkataba gani? Kabla hamjapiga kura, baraza lenu liulizwe swali hilo kwa jina la hospitali na saa ya miadi. Wasijibu kwa jumla.

Huyo dada ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko namba zote nilizokuandikia. Mikutano ya baraza ni usiku, sivyo? Na wanaokwenda ni wenye magari. Wanaosinzia na aproni kwenye mifuko wengi wao si wakazi, kwa hiyo hata kura hawana. Wewe una kura, una Kiingereza cha kusimama mbele ya watu, na umepanda nao basi moja miaka yote ile kabla hamjanunua gari. Sijui mtu mwingine anayefaa kusema kuliko wewe.

Kubaki nako si kukubali kila kitu. Mwaka jana, miji ile inayotoa zaidi ya inavyopata ilipopiga kelele, bodi ya DART ilikubali kuitengea asilimia 5 ya makusanyo ya kodi ya DART. Ni kidogo, ndiyo, na hata hicho kina watu waliokatiwa ratiba zao ili kipatikane. Lakini kimepatikana kwa watu kukaa mezani. Miji ya Coppell na Flower Mound ilitoka mwaka 1989, na wakati huu mnapobishana na bodi juu ya treni na viti, wao hawana pa kusemea. Daini kiti. Daini basi zifike kwa wakati na ziwe safi, na mabadiliko ya ratiba mwelezwe mapema. Hayo nitakuunga mkono mwanzo hadi mwisho, hata ukija na orodha ndefu kuliko barua hii.

Kuna mambo mawili ya haraka. La kwanza, hakikisha jina lako liko kwenye daftari la wapigakura, maana ulihama nyumba mwaka jana na huko kujiandikisha kunafungwa siku 30 kabla ya kura. Kura ni tarehe 2 Mei, usingoje Aprili. Shemeji naye aangalie lake, hata kama atapiga kinyume na mimi. La pili, mpigie yule dada umuulize kama angependa kwenda mkutanoni. Akikubali, nendeni wote kwa basi, na muda mtakaotumia kwenda na kurudi muutaje mbele ya baraza.

Mama anasema dawa zile za mafuta ya goti ulizotuma zimekwisha, usitume nyingine, amepata za hapa zinamfaa. Pia anauliza mtoto ameshaanza kusoma. Nimemwambia ameanza, nitumie video nisionekane mwongo. Mjomba anakusalimu sana na anataka ujumbe matokeo yakitoka, usiku wowote, nitamwamsha.

Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
somo yako