"1x2" kwenye bahasha ya dawa haitoshi

Ndugu Mhariri,

Mteja akinunua dawa ya aleji na dawa ya kiungulia kwa pamoja, mara nyingi hutoka dukani na bahasha mbili zilizoandikwa "1x2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, basi. Akifika nyumbani anazimeza zote kwa glasi moja ya maji. Kwa dawa nyingi za aleji hapo hakuna tatizo. Ipo moja lakini ambayo nguvu yake hupotea, nayo inauzwa sana siku hizi.

Ni feksofenadini, wengi wanaijua kwa jina la Telfast. Madereva na walinzi wa usiku wanaipenda kwa sababu hailetei watu usingizi kama Piriton. Shida ni dawa za kiungulia zenye alumini na magnesiamu, yaani ile dawa nyeupe ya maji inayotikiswa kabla ya kunywa, na baadhi ya vidonge vya kutafuna. Hizi huinasa feksofenadini tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Maelezo ya watengenezaji yanasema zikipishana kwa dakika 15 tu, kiasi kinachoingia mwilini hupungua kwa asilimia 41. Mtu kalipia kidonge kizima, kapata zaidi kidogo ya nusu. Chafya zikiendelea, anajiongezea dozi au anarudi kulalamika kwamba dawa ni feki.

Dawa ziachane kwa saa 2. Anayeinywa mara moja kwa siku aimeze anapoamka, ya kiungulia isubiri hadi baada ya chakula cha mchana au wakati wa kulala. Tena aimeze kwa maji: juisi ya machungwa, tufaa au balungi nayo huipunguza nguvu. Wapenzi wa juisi za boksi mnisikie.

Sisemi haya kumtisha mtu. Setirizini na loratadini, ambazo nazo ni dawa za aleji, hazina usumbufu huo, na omeprazoli ya kiungulia hainasi kitu, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza utengenezaji wa asidi tu. Wenye presha ndio ningewaomba wawe waangalifu zaidi. Poda za kiungulia zinazotoa povu zina sodiamu nyingi, na dawa za mafua zenye pseudoefedrini ya kuzibua pua zinaweza kuipandisha presha. Wamuulize mtoa dawa kwanza.

Ombi langu ni kwa wauzaji wenzangu. Kalamu tayari tunayo mkononi tunapoandika "1x2". Tuongeze "usinywe pamoja na dawa ya kiungulia, subiri saa 2". Foleni ikiwa ndefu, tuseme kwa mdomo. Hata anayetumia antibiotiki ya doksisaiklini, au mama mjamzito mwenye vidonge vya kuongeza damu, akija kuulizia dawa ya kiungulia aambiwe atenganishe, maana dawa hizo nazo hunaswa vilevile.

Mtoa dawa,
Morogoro