Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula

Ndugu wazazi na walezi, salaam.

Mabinti wetu wa netiboli wametwaa kombe la wilaya! Mliofika uwanjani mliwaona wakikimbia mpaka kipyenga cha mwisho. Mwaka jana wawili kati yao walikuwa wakishikwa na kizunguzungu mazoezini. Zahanati iliwapima, ikakuta himoglobini, kile kinachobeba hewa kwenye damu, iko chini ya gramu 12 kwa desilita, yaani upungufu wa damu kwa umri wao. Wakapewa vidonge, nyumbani wakalishwa dagaa, maharage na kisamvu, na safari hii mmoja wao ndiye aliyefunga bao la ushindi. Nawapongeza sana wazazi wao.

Ripoti za mitihani mtakabidhiwa na walimu wa madarasa.

Sasa nije kwenye lililoniudhi. Vidonge vya kuongeza damu tunavyogawa kila wiki vimekutwa chooni. Mabinti walipoulizwa wakajibu: "Mama kasema vinaharibu kizazi." Ndugu zangu, ndani yake mna madini ya chuma na asidi ya foliki, yale yale anayopewa mjamzito kliniki ili ajifungue salama. Mama aliyevimeza akimbeba binti huyu anamkatazaje leo? Choo kikiwa cheusi ni chuma hicho, si sumu. Mwenye selimundu atuarifu, afuate maelekezo ya daktari wake.

Binti hupoteza damu kila mwezi, na bado anakua. Chuma kikipungua, damu haibebi hewa ya kutosha: anasinzia darasani, moyo unamwenda mbio kwa kazi ndogo, anatafuna udongo. Kisha mnamwita mvivu! Chai msimpe pamoja na chakula, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Mpeni chungwa au embe, husaidia.

Siku ya dawa za minyoo madawati mengi yalikuwa matupu. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu peku, ikafika utumboni na kunyonya damu. Wavalisheni viatu, na siku ya dawa asibaki mtoto nyumbani.

Mchango wa chakula wengi hamjalipa, na wengine mna deni la tangu muhula uliopita. Maharage ya mchana yananunuliwa kwa fedha hiyo. Asiye na fedha alete mahindi au maharage. Anayeona hata hilo ni zito aje ofisini tuzungumze, asikae kimya.

Waliotupa vidonge watapokelewa siku ya kufungua wakiwa na mzazi. Muuguzi wa zahanati atakuwapo. Njooni na maswali yenu yote.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule