Malalamiko: nimelipia wapagazi, mmenitumia watu wa mikuki na majani

Kwa: Meneja, Huduma kwa Wateja
Yah: Oda ya vijisanamu vya Schutztruppe (jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki), milimita 28

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Nimeamua kuandika barua kabisa kwa sababu kule wasapu kijana wenu wa kastama kea kanijibu kidogo halafu kanyamaza, simu ya ofisini inaita mpaka inakata, na mimi hili jambo siwezi kuliacha lipite hivi hivi maana siyo suala la hela peke yake.

Mwezi wa sita niliweka oda kwenu ya seti nzima ya jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, vita vya 1914 hadi 1918, vile vijisanamu vya madini mnavyoagiza Uingereza na kuviuza hapa nchini. Kwenye tovuti yenu imeandikwa wazi kilichomo: maafisa 2 wa Kijerumani, askari 20, rashasha 2 na watu wake, wapagazi 24, na mama mmoja mwenye chungu kichwani na mtoto mgongoni. Picha ipo, nimepiga skrinshoti na nimeambatanisha hapa. Nikalipa kwa simu Sh 540,000 yote kwa mkupuo, risiti nayo nimeambatanisha, mzigo ukaletwa Tanga kwa basi.

Nafungua boksi, askari wapo, maafisa wapo, rashasha moja haina mtutu, na wapagazi hakuna hata mmoja. Mama wa chungu naye hayupo. Badala yao mmeweka mfuko wa watu 24 waliovaa majani kiunoni, mifupa kwenye nywele, ngao na mikuki mkononi, mmoja anaruka juu kaachama mdomo, na juu ya mfuko mmebandika kikaratasi kwamba bidhaa imeisha kwenye stoku hivyo mmeweka mbadala unaofanana.

Unaofanana na nini jamani? Nikamuuliza kijana wenu, akanijibu, nanukuu alichoandika: "Bosi we piga tu rangi, wakishapakwa hakuna atakayejua, si wote ni wenyeji tu." Hiyo nayo nimeambatanisha. Nimeisoma zaidi ya mara moja nikiamini labda nimeielewa vibaya, lakini ndivyo ilivyo, mtu wa Dar es Salaam anamwandikia mtu wa Tanga kwamba babu zetu wa mwaka 1914 na watu wa kubuni waliovaa majani ni kitu kimoja.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo kwa sababu inawezekana kabisa hapo ofisini hamjui mnauza nini. Mimi na wenzangu hapa Tanga tunacheza mchezo huu wa vita vya mezani, tunatumia vijisanamu, dadu na tepu ya kupimia, na tunachocheza zaidi ni vita vilivyopiganwa kwetu. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walileta hapa jeshi la kama watu 8,000, wengi wao kutoka India, wakashuka upande wa Ras Kazone, na waliowakabili walikuwa kama 1,000 tu, askari Waafrika na Wajerumani wachache, wengine wakiletwa haraka kwa treni kutoka Moshi. Mapigano yakaingia kwenye mashamba ya mpira na minazi mpaka mitaani, nyuki wakachokozwa na risasi wakawavamia wapiganaji, na tarehe 5 Waingereza wakapanda meli wakaondoka wakaacha bunduki, rashasha na risasi zinazofika laki sita. Hiyo meza tumeijenga wenyewe, miti ya mpira ni waya na sponji iliyopakwa rangi, majani marefu ni katani ya hapa hapa Tanga tunaikata na kuichovya kwenye gundi, na nyuki tumewawekea sheria yao kabisa, ukipiga risasi karibu na mzinga unarusha dadu.

Sasa hilo jeshi la Wajerumani lilikuwaje? Kampuni moja, yaani kikosi kimoja cha jeshi hilo, ilikuwa na Wajerumani kumi na kitu hadi 20, askari 160 mpaka 200, na wapagazi kama 250. Gawanya kwa kumi unapata karibu ile ile seti mnayoiuza, na ndiyo maana nilifurahi sana nilipoiona, nikajua aliyeipanga anaijua kazi yake. Wapagazi walikuwa wengi kuliko wenye bunduki! Mbung'o walikuwa wanaua farasi, punda na ng'ombe, magari hayapiti porini, kwa hiyo rashasha, risasi, unga, hema na dawa vyote vilikuwa kichwani mwa mtu. Hata ile mizinga ya Königsberg, meli ya kivita ya Wajerumani iliyozamishwa Rufiji mwaka 1915, iliopolewa ikafungwa magurudumu, na waliokuwa wanaivuta kwa kamba porini ni watu. Kwa hiyo ukiniletea hiyo kampuni bila wapagazi hujaniletea kampuni, umeniletea watu 20 waliosimama barabarani.

Na kwenye mchezo wetu hili siyo pambo. Baada ya Tanga tunaendelea na kampeni mpaka Mahiwa kule Lindi, Oktoba 1917, na sheria tulizotunga wenyewe zinasema kila rashasha lazima ifuatwe na wapagazi watatu, wakipungua wawili unapiga nusu, wakiisha inanyamaza. Wagonjwa wanabebwa, njaa ikiingia unapunguza watu, mvua za masika zikianza mwendo unakatika. Anayecheza mara ya kwanza anakuja anataka kuhesabu bunduki tu, ikifika raundi ya nne hivi anaanza kulinda wapagazi wake kuliko askari, na hapo ndipo mtu anaanza kuielewa vita ile ilivyokuwa.

Kwa upande wa Waingereza serikali yao yenyewe ilihesabu wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa, wengi siyo kwa risasi, ni kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Walikuwa ni watu wa huku kwetu na wa Kenya, Uganda, Malawi, Kongo, waliochukuliwa mashambani wakaambiwa beba. Ofisi yenu iko mjini, Posta siyo mbali. Nendeni pale kwenye Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 msome bamba lake, na Kiswahili kipo. Walioijenga ni Waingereza wenyewe na hawakuwa na haraka ya kumsifia mtu mweusi, lakini wameandika kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nyie mnapita hapo kila siku halafu mnaniambia wapagazi wameisha tumeweka mbadala.

Niseme na la ukweli, hao askari waliokuja ni kazi nzuri na aliyewachonga apewe heshima yake. Tarbushi ina kile kifuniko cha khaki kinachoshuka nyuma kuficha shingo, nembo ya Kijerumani ya ndege tai ipo mbele ya kofia, na bunduki ni ile Mauser ya zamani ya mwaka 1871 iliyokuwa inatoa moshi kila ukipiga mpaka adui anajua umejificha wapi, siyo ile mpya ambayo watengenezaji wengi wanaiweka kwa uvivu. Nimeshamaliza kupaka nusu yao. Mistari ya kalibu naitoa kwa tupa ndogo, naosha kwa maji ya sabuni, napaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, halafu ngozi naanza na kahawia nzito karibu na nyeusi, juu yake kahawia yenye wekundu, namalizia mashavu, pua na vifundo vya vidole kwa kutia tone la rangi ya mchanga, na nahakikisha hawafanani, kwa sababu kwenye jeshi lile kulikuwa na Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma, huwezi ukawapaka wote rangi ya chokoleti moja. Hapo pia naomba mlione: kwenye seti mmeweka kichupa kimoja tu mmekiandika "ngozi ya Kiafrika", wakati kwa wale Wajerumani wawili mmeweka vitatu. Kimoja kwa watu 20, vitatu kwa watu wawili.

Ni kwa sababu hiyo hiyo siwezi kupaka rangi watu wa majani nikawaita wapagazi. Mpagazi kwenye picha yenu mmoja mmoja nimewakariri. Yupo aliyebeba sanduku la risasi kichwani na ngata imechongwa inaonekana kabisa chini ya sanduku, shingo imekaza, mkono mmoja juu mwingine umeshika fimbo. Yupo mwenye mzigo wa hema ameuegemeza begani. Yupo mzee kidogo amekaa juu ya mzigo wake anapumzika. Wamevaa kaniki na shuka, mmoja kanzu iliyochanika magoti. Na yule mama, hata hao wake wa askari walikuwa wanafuata msafara na watoto wao, wanapika njiani, ni nadra sana kumwona mtengenezaji amekumbuka kumchonga. Sasa nimwondoe huyo mama nimweke mtu anayeruka na mkuki?

Kijana wenu alijaribu kusema kama siyo wapagazi basi niwafanye ruga-ruga. Ruga-ruga wale walikuwa wapiganaji wa kukodiwa wenye magobole na bunduki za kila aina, wamevaa nguo zao za kawaida, hawakuvaa mifupa kichwani. Hao mlionitumia siyo watu wa Tanga, siyo wa Tabora, siyo wa popote, ni picha ya mtu ambaye hajawahi kufika huku. Mtengenezaji akiamua kuwachonga ni shauri lake, lakini nyie ni Watanzania mmewashika mkononi, mmewaweka kwenye boksi la historia yetu, mkabandika neno mbadala.

Halafu kuna haya ya kawaida ambayo nayataja tu. Mtutu wa rashasha moja haumo, nimetafuta mpaka kwenye makaratasi ya kufungia. Singe za askari watano zimekuja zimekunjwa kwa sababu mmezimwaga zote kwenye mfuko mmoja bila sponji, na madini haya ni laini, singe ukiinyoosha mara moja inakubali mara ya pili inakatika mkononi, na mbili zimeshakatika. Kopo la khaki limeganda. Hayo ningeyavumilia.

Mmeniambia pia kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Ule mfuko wa watu wa mikuki sijaufungua, uko na kikaratasi chenu juu, na isitoshe sharti la kutorudisha linahusu kitu nilichoagiza, siyo kitu mlichoamua wenyewe kunichagulia. Kama wapagazi waliisha mlikuwa na namba yangu, mngepiga mkaniuliza nisubiri au nirudishiwe hela, ningesubiri bila neno.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Wapagazi wangu 24 na mama wa chungu waletwe, wale wale wa kwenye picha, kabla ya mwisho wa Oktoba, kwa sababu mwanzoni mwa Novemba tumepanga kuwaonyesha wanafunzi wa klabu ya historia ya sekondari moja hapa mjini vita vya Tanga vilivyokwenda, na siwezi kuweka mbele ya watoto hao meza ambayo babu zao hawapo au wapo wamevalishwa majani. Kama kweli kwa mtengenezaji wameisha, nipeni jibu la mtengenezaji kwa maandishi, mnirudishie hela ya sehemu hiyo ya seti, nitatafuta kwingine au tutawachonga wenyewe. Mtutu na singe mnibadilishie. Ile picha kwenye tovuti muiondoe kama hamna mnachokionyesha, maana nimeangalia jana bado ipo na bado mnauza. Na huyo kijana msimfukuze kazi, sijaandika kwa ajili hiyo, ila mtu mzima hapo ofisini akae naye amweleze alichokiandika kina ubaya gani, na nyie kama kampuni mniandikie kwamba mmeliona.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwa sababu kuuza kitu kwa picha na maelezo halafu kuleta kingine ni jambo lao, na vielelezo vyote ninavyo.

Mfuko wa watu wa mikuki nimeufunga, mkituma mtu au mkilipa nauli ya basi nitaurudisha siku hiyo hiyo. Jibu naomba liwe la barua pepe, siyo wasapu.

Wenu,
Mteja wa Tanga

Viambatanisho: skrinshoti ya seti, risiti ya malipo, picha za mzigo, mazungumzo ya wasapu