Vilindi vya Ziwa Tanganyika si jalala la mabomu

Ndugu Mhariri,

Mtu akiokota bomu kuukuu shambani au kwenye mapori ya mpakani hapa mkoani Kigoma, hakosi wa kumshauri: lipakieni mtumbwini mkalitose katikati ya ziwa, kule halitamdhuru mtu. Wanaosema hivyo wana nia njema, na wengine ni wazee wanaosikilizwa mialoni. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini ushauri huo ni wa hatari, kwa kuwa mataifa makubwa yaliufuata kwa miongo mingi na leo yanahangaika nao.

Baada ya vita vikuu viwili vya dunia, majeshi yalibaki na milima ya makombora. Kuyafungua moja moja kulitaka mafundi, muda na fedha. Bahari ilikuwa bure. Waingereza walimwaga zaidi ya tani milioni moja katika Beaufort's Dyke, mfereji wa chini ya bahari kati ya Uskoti na Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1955 na 1956 walijaza meli tatu mabomu zaidi ya 70,000 ya tabun, sumu inayoshambulia neva, waliyoyateka Ujerumani, wakazizamisha Atlantiki. Huko bahari ya Baltiki, karibu na kisiwa cha Bornholm, yalitoswa makumi ya maelfu ya tani za silaha za kemikali. Marekani nayo, kuanzia 1964 hadi 1970, ilikuwa ikipakia meli zilizochakaa, kuzivuta hadi kina kirefu na kuzizamisha na shehena yake.

Mpango ulionekana mwepesi, lakini utekelezaji ulienda kombo. Mabaharia waliochoka, au waliokutana na hali mbaya ya hewa, walitupa mizigo kabla ya kufika mahali palipopangwa, kwa hiyo ramani inaonyesha sehemu moja na mabomu yamelala kwingine. Bornholm mengine yalitupwa yakiwa ndani ya makasha ya mbao. Makasha yakaelea na kusukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Septemba 1964 meli ya Kimarekani iliyoitwa Village ililipuka mara tatu dakika chache baada ya kuzama, bila mtu kukusudia, na mitambo ya kupima matetemeko ikaunasa mshindo wake. Mwaka 1967 meli nyingine iliyopangwa kulipuliwa chini ya maji huko Alaska ilichukuliwa na mkondo, ikazama mahali ambapo kina hakikutosha kufyatua viwashio, ambavyo vilitegemea msukumo wa maji. Shehena ikabaki chini nzima nzima.

Na kinachofika chini hakiishi nguvu. Ganda la chuma huliwa na kutu, lakini baruti ya TNT huyeyuka majini kidogo kidogo mno. Katika ghuba ya Kiel, Ujerumani, mabaki yake yamepimwa ndani ya kome waliowekwa karibu na mabomu. Gesi ya haradali, silaha ya kemikali inayounguza ngozi, ambayo kwa kweli ni kimiminika kizito, hujifunika gamba ikiwa majini na kubaki bonge linalofanana na udongo. Wavuvi wa Bornholm wameyavuta mabonge hayo kwa nyavu na kuungua ngozi. Fosforasi nyeupe ndiyo inayodanganya zaidi. Ikitupwa ufukweni na mawimbi hufanana na kaharabu, kijiwe cha pambo chenye rangi ya asali, mtu huiokota na kuitia mfukoni, ikikauka na kupata joto la mwili inawaka yenyewe. Mwaka 1995, bomba la gesi lilipokuwa linatandazwa karibu na Beaufort's Dyke, maelfu ya mabomu ya moto ya fosforasi yaliibuka na kusambaa kwenye fukwe za Uskoti.

Mfano unaotuhusu sisi zaidi hautoki baharini. Jeshi la Uswisi lilitupa maelfu ya tani za zana katika maziwa ya Thun, Brienz na Lucerne, na halikuacha hadi miaka ya 1960. Zana hizo zimelala mita 150 hadi 220 chini, nyingine zimefukiwa na tope lenye unene wa hadi mita 2. Ukubwa wake ni kuanzia risasi ndogo hadi mabomu ya kilo 50. Baadhi ya sehemu ni za shaba na alumini, kwa hiyo sumaku haizioni. Ukizigusa tope linatibuka na kuchafua maji ambayo watu wanakunywa. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo tajiri ilitangaza shindano la faranga 50,000 kwa watakaotoa wazo zuri la namna ya kuzitoa. Kwa kina cha mita 220 tu!

Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi. Kuanzia mita 100 hadi 200 kwenda chini hakuna oksijeni, na chuma palipokosa oksijeni huoza taratibu sana, maana yake ganda na baruti yake vitadumu. Mto unaotoa maji ziwani ni Lukuga peke yake. Sehemu kubwa ya maji huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi sumu. Kitakachoyeyuka humu kitakaa humu kwa mamia ya miaka, pamoja na dagaa, migebuka na maji ya bomba ya mji wa Kigoma. Tena mtu mwenye mtumbwi na bomu miguuni hapigi kasia hadi kwenye vilindi. Atalitupa mbele kidogo ya Kibirizi au Katonga, mahali nyavu zinapopita kila usiku.

Anayedhani ziwa humeza chuma na aitazame MV Liemba. Wajerumani waliizamisha Julai 1916 ikiitwa Graf von Goetzen, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Wapo watakaonikumbusha milipuko ya maghala ya silaha ya jeshi jijini Dar es Salaam, Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, kwamba hata ghala la nchi kavu linaua. Ni kweli kabisa, na dawa yake ni kuharibu zana mapema chini ya wataalamu wa jeshi: risasi ndogo katika tanuri lililofungwa, makubwa kwa kulipuliwa shimoni mbali na makazi.

Kwa mwananchi, hatua ni hizi. Ukikuta kitu usichokielewa, usikiguse wala usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Novemba 2017 wanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, Ngara, waliuawa na bomu la mkono lililookotwa likidhaniwa ni chuma cha kuuza. Weka alama umbali wa kutosha, zuia watoto, piga 112 au mwambie mwenyekiti wa kitongoji. Likinasa wavuni, usilipandishe kwenye kipe, yaani mtumbwi wa uvuvi: kata wavu polepole, acha boya, sogea mbali. Likiwa limeshapanda, usilirushe majini tena. Lizuie lisibingirike, lifunike kwa gunia lililoloa kwa sababu baruti iliyokaa majini ikikauka huweza kuwa kali zaidi, zima jiko na karabai, kisha kaa nje ya mwalo hadi polisi waelekeze.

La mwisho ni sheria. Mkataba wa London wa 1972 unaozuia utupaji taka baharini hauhusu maji ya ndani ya nchi, yaani maziwa hayamo. Tunao Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliotiwa saini Dar es Salaam 2003 na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, unaozitaka nchi hizo kuzuia uchafuzi. Naiomba wizara husika ipeleke Bujumbura, kwa Mamlaka ya Ziwa, pendekezo la itifaki inayotaja zana za kivita kwa jina na kupiga marufuku kuzitosa, liwe jeshi, polisi au mtu binafsi. Huku nyumbani, BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, za Kibirizi, Katonga na Ujiji zipewe mafunzo ya hatua nilizozitaja kabla ya msimu ujao wa dagaa.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma