Shukrani kwa mzee wa bandari ya Mġarr

Tunamshukuru hadharani mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye jina lake hatukuwahi kulijua. Ilikuwa Jumapili ya Januari, kisiwani Gozo, Malta. Boti ya kasi ya kwenda Valletta, mji mkuu ulio kwenye kisiwa kikuu cha Malta, ilisitishwa kwa sababu ya gregale, upepo wa kaskazini-mashariki unaopiga moja kwa moja kwenye mlango wa bandari ya Valletta. Ndege yetu ilikuwa usiku ule ule.

Mzee hakuishia kutupa pole. Alituonyesha kivuko kikubwa cha magari, ambacho huhimili mawimbi kuliko boti ndogo na huvuka hadi Ċirkewwa, bandari ya kaskazini mwa kisiwa kikuu, kwa dakika 25 hivi. Akatufikisha dirisha la tiketi, maana nauli ya kivuko hicho hulipwa upande wa Gozo, wakati wa kurudi. Kisha akatuandikia kwenye karatasi: basi X1, linaanzia Ċirkewwa, linafika uwanja wa ndege, nauli ya majira ya baridi euro 2, tengeni muda wa saa 2, kwa kuwa barabara ya Mellieħa hujaa magari. Akasisitiza tushuke miongoni mwa wa kwanza, kwani abiria wote hukimbilia kituo kimoja na anayechelewa husubiri basi jingine.

Msomaji unayeishi karibu na bandari au stendi, ukimwona mgeni kaduwaa mbele ya tangazo la safari kusitishwa, mwandikie namba ya basi.

Mzee wetu, ahsante sana. Ndege tuliiwahi, na karatasi yako tunayo.