Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Wajibu wa Anayeshuhudia Ukatili wa Kingono

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Historia ya klabu yetu ya wanafunzi hatutaisoma leo, kwani lipo jambo moja linalotukaa rohoni.

Muhula uliopita, wanachama wetu watatu walikuwa ndani ya basi lililojaa. Mwanamume mmoja alimbana msichana dirishani huku akimpapasa paja. Msichana alijikunyata, akauweka mkoba wake katikati, mkono ukaupita mkoba. Waliokuwa karibu waliona. Mmoja aliinamia simu, mwingine akajifanya amesinzia. Wenzetu nao walibaki kutazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Msichana alishuka kituo kilichofuata, analia. Walitusimulia hayo kikaoni kwa aibu kubwa.

Kungojana huko kumechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambalo washiriki walisikia sauti ya mtu aliye chumba kingine, kana kwamba amepatwa na kifafa. Kati ya walioamini ni wao pekee wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Kati ya walioamini wapo wengine wanne wanaosikia, walitoka asilimia 31 tu. Hatusemi haya kumtetea anayenyamaza. Tunasema kwamba ukimya huo una chanzo kinachojulikana, na mtu akikijua anaweza kufundishwa kuushinda.

Wapo walioushinda. Januari 2015, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi wawili waliokuwa wakipita kwa baiskeli usiku walimwona mwanamume juu ya mwanamke asiyejitambua. Walisimama, wakamhoji. Alipokimbia walimkamata, wakamshikilia mpaka polisi wakafika, na baadaye wakatoa ushahidi mahakamani.

Si lazima kila mtu apambane kwa mikono, na pengine ni hatari. Ndani ya lile basi ingetosha mmoja kusema, "Dada, kumbe uko hapa! Njoo ukae huku," au kumwita kondakta kwa sauti. Hata baada ya tukio kazi ipo: kukaa na aliyeumizwa, kumwamini, kumuuliza anataka nini, na kama amebakwa, kumsindikiza hospitali mapema, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Na sisi wavulana tunakiri kwamba tumecheka mizaha mingi bwenini kuhusu miili ya dada zetu. Kicheko kile kilimwambia msemaji kwamba tuko upande wake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mabango tunayo. Tunaomba mafunzo ya vitendo, tusimame na kuigiza lile basi mpaka ndimi zizoee kusema. Tunaomba pia walimu wawili, wa kike na wa kiume, wa kupelekewa taarifa kwa siri.

Zaidi ya yote, tunaomba anayetoa taarifa alindwe. Mwaka huu mwenzetu alisema alichokiona, akaitwa mmbea, na kwa wiki kadhaa alikula peke yake mwisho wa meza. Tulimwacha pale. Juzi alituambia kwamba hajuti kusema, ila amechoka.

Tunaomba kuwasilisha.